Prairi ya kusini mwa Alberta kwa siku sita: mwongozo wa safari inayoanzia Calgary

Ukitoka Calgary, katika mkoa wa Alberta nchini Kanada, kuelekea mashariki, haichukui muda majengo yanaisha na mbele kunabaki ngano, kanola ya njano na anga. Wageni wengi hukata tamaa hapo. Husema hakuna cha kuona, wakageuza gari kurudi upande wa Banff, milimani. Kosa lao ni kutafuta vitu kwenye upeo wa macho. Prairi, yaani uwanda huu mpana wa nyasi na mashamba, huweka hazina zake chini: kwenye makorongo, kwenye mabonde ya mito, na kwenye kingo za magenge ambazo huzioni mpaka ubakize hatua chache uzifikie.

Jambo la pili wengi hulijua wakiwa wameshachelewa: sehemu nzuri kuliko zote hazifunguliwi kwa mtu asiye na kiongozi. Kwa hiyo safari hii haipangwi kwa ramani, inapangwa kwa tiketi. Barabara utaifuata baadaye.

Mzunguko wenyewe ni kama kilomita 1,500 ukijumlisha na michepuko, na unagusa maeneo matatu ya Urithi wa Dunia: Dinosaur Provincial Park (lililoorodheshwa 1979), Head-Smashed-In Buffalo Jump (1981) na Writing-on-Stone, ambalo Wablackfoot, wenyeji wa asili wa nyanda hizi, huliita Áísínai'pi (2019).

Hatua ya kwanza: tarehe

Msimu ni kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Septemba. Nje ya hapo vituo vingi hupunguza siku za kazi, na makumbusho ya dinosauri ya mji wa Drumheller hufungwa Jumatatu.

Juni ndio mwezi wenye mvua nyingi. Nyasi ni za kijani na maua yamechanua, lakini udongo wa makorongo ukilowa haukanyagiki, na mbu wa kando ya mto hawana huruma. Julai joto hupita nyuzi 35 bondeni, na alasiri huja radi na mvua ya mawe inayoweza kupasua kioo cha gari. Chaguo letu ni wiki ya mwisho ya Agosti, au siku zinazofuata Jumatatu ya kwanza ya Septemba, shule zinapofunguliwa: kambi zinapungua watu, mbu wamekwisha, na giza linaingia mapema kiasi cha kuona nyota. Ubaya wa Septemba ni kwamba ratiba ya matembezi ya kuongozwa nayo hupunguzwa, kwa hiyo itazame kwanza kabla hujaomba likizo.

Kwa anayekuja kutoka Ikweta, jua la huku linachanganya. Katikati ya Juni linazama karibu saa nne usiku. Watoto hawalali, na mtu mzima hujisahau akadhani bado ni jioni huku mikahawa ya vijijini imeshafunga. Na kama kuna mzee kwenye msafara aliyezoea saa za Kiswahili, mwandikie ratiba mwenyewe: tiketi iliyoandikwa 9:00 asubuhi ni saa tatu, si saa tisa.

Hatua ya pili: tiketi kabla ya kitu kingine chochote

Fuata mpangilio huu. Kwanza nunua matembezi ya kuongozwa ya Dinosaur Provincial Park. Pili, nunua ya kuona michoro ya mwambani ya Writing-on-Stone. Tatu, tafuta nafasi za kambi karibu na tarehe ulizopata. Makumbusho na Head-Smashed-In vinaweza kusubiri.

Makundi ya matembezi ni madogo, na ya Jumamosi na Jumapili za Julai huisha mapema. Ukianza na kambi utapata pa kulala halafu ukose cha kuona. Nafasi za kambi za mkoa hufunguliwa siku 90 kabla, hivyo hesabu kurudi nyuma kutoka usiku wako wa kwanza na uwe kwenye tovuti asubuhi ya siku hiyo. Kwa wenye wazazi au watoto wadogo, Dinosaur na Writing-on-Stone zote zina mahema makubwa ya turubai yaliyokwisha kusimikwa, yenye vitanda ndani. Yanagharimu zaidi ya kiwanja cha hema lako, ila mgongo wa mama mkwe utakushukuru.

Soma masharti ya umri kabla ya kulipa, maana matembezi marefu hayapokei watoto wadogo. Usipange tembezi asubuhi ileile unayotoka mji mwingine: fika jana yake. Kiongozi haongojei waliochelewa, na kundi likishashuka korongoni huwezi kulifuata peke yako, kwa sababu eneo lenyewe ni marufuku.

Hatua ya tatu: gari, barabara, mizigo

Gari dogo la kawaida linatosha kwa mzunguko huu wote. Linaloshinda watu ni upande wa barabara. Aliyejifunza Nairobi, Dar es Salaam au Kampala anaendesha kushoto. Kanada ni kulia, kama Kongo, Rwanda na Burundi. Kwenye barabara kuu hutakosea, kwa sababu magari mengine yanakuongoza. Utakosea unapotoka kituo cha mafuta cha kijijini alfajiri, barabara ikiwa tupu, hakuna wa kumfuata. Mpe kazi anayekaa pembeni yako: kila mnapotoka mahali, aseme "kulia" kwa sauti.

Barabara ndogo zimekatwa kama karatasi ya mraba. Zinazoitwa Range Road zinakwenda kaskazini na kusini, na Township Road zinakwenda mashariki na magharibi. Ramani ya simu hupenda kukuchomeka humo kwa kuwa kwa hesabu yake ni njia fupi. Nyingi ni za changarawe, na chache hazina hata hiyo changarawe. Kwenye changarawe punguza hadi kilomita 60 au 70 kwa saa, kaa mbali na gari la mbele, na usikanyage breki kwa ghafla. Kokoto moja kutoka kwenye lori linalopishana nawe inatosha kukupasulia kioo. Ndiyo maana bima ya kioo kwenye gari la kukodi si anasa huku. Mvua ikinyesha, udongo mfinyanzi wa barabara zisizo na changarawe hugeuka ute unaojaza matairi mpaka gari likalala palepale. Hapo dawa ni kusubiri pakauke.

Jaza mafuta tanki likifika nusu, si robo. Pakua ramani ili ifanye kazi bila mtandao, maana mabondeni simu hupoteza mawimbi hata kama juu kwenye uwanda ilikuwa na alama zote. Magugu na nyasi ndefu zilizokauka usiegeshe juu yake: bomba la moshi lenye moto huziwasha, na upepo wa huku humaliza kazi. Jioni na alfajiri endesha polepole, kwa sababu kulungu huvuka bila kutangaza.

Kwenye mizigo, maji kwanza: lita 4 kwa mtu kwa siku ya korongoni. Kofia yenye ukingo mpana, viatu vya kufunga vyenye soli ngumu (mpungate wa huku ni mdogo, umelala chini kwenye nyasi, na miba yake hupenya viatu vya kitambaa), suruali ndefu, dawa ya mbu, kibano cha kutolea kupe, na sweta nzito hata kama ni Julai. Usiku wa vilima vya Cypress Hills haufanani kabisa na mchana wa Drumheller.

Siku ya 1: Calgary hadi Drumheller, kilomita 135

Kilomita kama 17 kabla ya mji kuna kiegesho cha Horseshoe Canyon. Simama hapo kwanza. Dakika mbili kabla ulikuwa kwenye shamba la ngano. Sasa ardhi imechanika mbele yako, na kuta zake zina mistari ya kijivu, kahawia na nyeusi kama keki. Mistari myeusi ni makaa ya mawe, yaani vinamasi vya zamani. Ya kijivu ni matope na mchanga wa mito iliyotiririka kwenda baharini, wakati bahari ilipokata katikati ya bara hili. Ukishaisoma kuta hiyo, siku mbili zinazofuata zitaeleweka.

Royal Tyrrell Museum liko kilomita 6 kaskazini-magharibi mwa mji. Limepewa jina la Joseph Burr Tyrrell, aliyekuwa anatafuta makaa ya mawe mwaka 1884 alipokutana na fuvu la dinosauri mla nyama, ambaye baadaye aliitwa Albertosaurus. Tenga saa tatu, na ingia mlango unapofunguliwa, kabla mabasi ya Calgary hayajawasili.

Usikimbilie Tyrannosaurus tu. Mtafute Borealopelta, dinosauri mwenye magamba ya silaha aliyechimbuliwa mwaka 2011 na wachimbaji wa mchanga wa mafuta kaskazini mwa Alberta. Alizama baharini zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita na kuzikwa haraka kiasi kwamba ngozi na magamba vilibaki mahali pake. Humwoni kama mifupa. Unamwona kama mnyama aliyelala. Fundi aliyemtoa kwenye jiwe alitumia kama saa 7,000, na jina lake limo ndani ya jina la kisayansi la mnyama huyo. Kisha simama kwenye dirisha la karakana, ambako mafundi wanafanya kazi mbele yako: angalia jinsi kisindano cha upepo kinavyong'oa jiwe chembe kwa chembe. Ni hapo tu ndipo zile saa 7,000 zinapoingia akilini.

Alasiri nenda kilomita 16 kusini-mashariki kwa barabara namba 10 ukaone minara ya mawe. Kila mnara ni shina la mchanga laini lenye kofia ya jiwe gumu juu. Kofia huzuia mvua. Ikidondoka, shina huyeyuka. Ndiyo maana hairuhusiwi kupanda: kiatu chako hufanya kwa dakika kazi ya mvua ya miaka. Mbele kidogo, East Coulee, kuna mgodi wa Atlas, wenye mnara wa mbao wa kupakilia makaa ambao ni wa mwisho uliobaki umesimama Kanada. Kama muda umebana, ruka dinosauri mkubwa wa mjini wa kupanda ngazi, lakini huu mgodi usiuache.

Siku ya 2 na ya 3: Dinosaur Provincial Park

Kutoka Drumheller ni kama saa mbili hadi bustani hii, iliyo kilomita 48 kaskazini-mashariki mwa Brooks. Nunua chakula Brooks ukipita huko. Mji huo una wahamiaji wengi wa Afrika, hasa Wasudani, Wasomali na Waethiopia, waliovutwa na kiwanda kikubwa cha nyama, na ndio mahali pa mwisho penye duka la maana.

Mlangoni kuna mahali pa kutazama bonde lote. Fika pale saa moja kabla ya machweo.

Mabaki ya huku ni ya miaka kama milioni 75 hadi 77 iliyopita, na zaidi ya spishi 50 za dinosauri zimetambuliwa. Sababu ya wingi huo ni mbili zilizokutana. Zamani palikuwa tambarare ya mito yenye mafuriko, kwa hiyo mizoga ilifunikwa haraka na matope. Kisha, mwishoni mwa zama za barafu, maji ya kuyeyuka yalichimba bonde la mto Red Deer na kuyafunua matabaka yaleyale. Mvua bado inaendelea kufunua kila mwaka.

Unachoweza kufanya bila kiongozi ni kuzunguka kwa gari kwenye kitanzi kifupi chenye vibanda viwili vya vioo vinavyoonyesha mifupa ikiwa ardhini kama ilivyokutwa, na kutembea njia tano fupi, hakuna inayozidi kilomita moja na nusu. Sehemu iliyobaki ni hifadhi iliyofungwa. Kwa hiyo tembezi la kuongozwa ndilo safari yenyewe. La kwenye uwanja wa mifupa ya Centrosaurus ndilo tungelichagua likipatikana: unaketi juu ya mifupa ya kundi kubwa la wanyama wenye pembe waliokufa pamoja, na kiongozi anakuonyesha namna ya kutofautisha.

Tofauti yenyewe ni hii, na utaihitaji pia nje ya bustani. Mawe ya chuma ya huku ni mekundu-kahawia na yanafanana na mifupa kwa umbo. Inama uangalie pale palipovunjika, bila kuliinua jiwe. Mfupa una vitundu vidogo kama sifongo au mkate wa mofa. Jiwe ni laini au lina chembe za mchanga. Ukiona vitundu, piga picha ukiweka sarafu kando kwa ajili ya kipimo, andika mahali, uache hapohapo, ukawaarifu wahudumu. Kuokota kisukuku bustanini ni kosa, na sheria ya Alberta ya mali za kale inaweza kutoza faini ya hadi dola 50,000 au kifungo. Ukweli ni kwamba hasara kubwa si hiyo. Mfupa ulioondolewa kwenye tabaka lake haumwambii mtaalamu chochote tena kuhusu umri wake wala jirani zake.

Udongo wa vilima hivi una bentonaiti, mfinyanzi uliotokana na majivu ya volkano. Ukiwa mkavu uso wake hupasuka vipande vidogo kama bisi, na unakanyagika vizuri. Ukilowa huvimba na kuteleza kuliko sabuni. Mvua ikikukuta njiani, usijaribu kushuka mteremko. Kaa kwenye sehemu tambarare hadi pakauke, na kwa jua la huku hilo huweza kutokea ndani ya saa chache.

Kabla ya kuondoka, tembea hadi kwenye kibanda cha magogo karibu na kambi. Ni nyumba ya John Ware, mtu mwenye asili ya Afrika aliyezaliwa utumwani Marekani, akaja Alberta mwaka 1882 akiswaga ng'ombe, akawa mfugaji mwenye jina kubwa katika nyanda hizi. Alifariki mwaka 1905 farasi alipomwangukia. Nyumba yenyewe ilijengwa kwingine na ikahamishiwa hapa. Watu wengi wanaipita wakidhani ni ghala. Peleka watoto wako waione.

Siku ya 3 jioni na ya 4: Cypress Hills

Pitia Medicine Hat ununue maji na mafuta. Ukiwa barabara kuu utaona fremu ya hema kubwa la chuma, Saamis Tepee, lililotengenezwa kwa ajili ya Olimpiki ya Calgary ya 1988. Dakika kumi na tano zinatosha.

Kutoka mjini hadi Elkwater ni kama kilomita 65, na njiani ardhi inapanda bila wewe kujua. Vilima hivi vinainuka kama mita 600 juu ya uwanda, na ndivyo vya juu kuliko vyote kati ya Milima ya Rocky na Labrador, mashariki kabisa mwa Kanada. Kilele kilibaki nje ya barafu wakati nyanda zote zilizozunguka zilikuwa zimefunikwa. Ndiyo maana utakuta misonobari ya milimani na okidi mahali ambapo kwa haki palipaswa kuwa na nyasi tu. Mbu ni wachache na hewa ni ya baridi. Mwili uliokaangwa Dinosaur utapumzika.

Bustani hii imetengwa tangu 2004 kuwa eneo la giza la usiku. Kuona nyota kunahitaji mambo matatu: usiku wa mwezi mwandamo au karibu yake, taa nyekundu badala ya nyeupe, na dakika 20 bila kutazama simu. Juni giza kamili huchelewa mno. Kati ya Agosti 11 na 13 kuna vimondo vya Perseidi, ikiwa mwezi haujaharibu.

Upande wa Saskatchewan, mkoa wa jirani, kuna Fort Walsh, ngome ya polisi wa farasi iliyofanya kazi kuanzia 1875 hadi 1883. Karibu yake, tarehe 1 Juni 1873, wawinda mbwa mwitu na wafanyabiashara wa pombe waliwaua watu wa Nakoda, kabila jingine la wenyeji wa asili, waliokuwa wamepiga kambi, na mauaji hayo yaliharakisha kutumwa kwa polisi magharibi. Barabara salama ni ya kuzunguka kupitia Maple Creek, kisha kilomita 55 kusini-magharibi. Ipo njia ya mkato ndani ya vilima. Ikiwa imenyesha ndani ya siku mbili zilizopita, iache, hata kama simu inakuonyesha kuwa utaokoa saa nzima. Kuhusu saa usiogope: Saskatchewan haibadilishi saa zake, na majira ya joto zinalingana na za Alberta.

Siku ya 5: Writing-on-Stone, Áísínai'pi

Njia ndefu ya lami inapita Lethbridge na mji wa Milk River, halafu kama kilomita 40 mashariki kwa barabara namba 501. Njia za kupitia Foremost ni fupi ila zina vipande vya changarawe. Mjini Milk River ukikosa kona ukaendelea kusini, baada ya kama kilomita 20 utajikuta Coutts, kituo cha mpaka wa Marekani. Geuza mapema, asiye na viza hataki kuanza maelezo pale.

Bonde linatokea ghafla kama mengine, lakini hili ni la jiwe la mchanga la rangi ya asali, limechongwa na maji na upepo kuwa minara na uyoga. Ng'ambo, ndani ya Montana, Marekani, vinaonekana vilima vya Sweet Grass. Mto wa chini maji yake hayaendi kaskazini kama mito mingine ya Alberta. Huishia Ghuba ya Mexico.

Kwenye kuta hizi kuna maelfu ya michoro, mingine imekwaruzwa kwenye jiwe, mingine imepakwa udongo mwekundu. Kuna namna ya kukisia umri. Watu wanaosimama kwa miguu nyuma ya ngao kubwa za duara ni wa kabla ya farasi kufika nyanda hizi, mnamo karne ya 18. Farasi na bunduki vikionekana, mchoro ni wa baadaye. Ngao kubwa ilikuwa na maana kwa mpiganaji wa miguu. Aliyepanda farasi ingemwelemea. Mchoro mashuhuri, ule wa vita, una zaidi ya maumbo 200 na unafikika bila kiongozi mwishoni mwa njia ya minara, yapata kilomita 2.2 kwenda tu, bila kuhesabu kurudi. Michoro mingi mingine imo ndani ya hifadhi iliyofungwa, na hapo tiketi yako ndiyo ufunguo.

Mikwaruzo ni ya kina kifupi sana. Adhuhuri, jua likiwa utosini, hutaona kitu, utadhani umedanganywa. Chagua tembezi la asubuhi mapema au la jioni, wakati mwanga unapita sambamba na ukuta na kila mkwaruzo unatupa kivuli chake. Usiguse jiwe, maana mafuta ya mkono hulidhoofisha, na usifuate kwa kidole hata kama ni kwa kumwonyesha mtoto. Ukikuta vitambaa vimefungwa mtini au tumbaku imewekwa chini ya mwamba, hizo ni sadaka. Hapa ni mahali pa ibada hadi leo. Usiguse, usipige picha.

Hapa pia ni kwa nyoka mwenye njuga. Hana haja nawe. Anatafuta joto la jiwe asubuhi na kivuli mchana, kwa hiyo usiingize mkono wala mguu mahali usipopaona, na usikae mwambani kabla ya kuangalia chini yake. Ukisikia mlio kama wa mbegu kavu ndani ya kibuyu, simama, mtafute kwa macho, kisha rudi nyuma taratibu. Akiuma: ondoa pete na saa, tulia, usifunge kamba, usichanje, usinyonye; piga 911, namba ya dharura, au mpeleke mtu kwa wahudumu wa bustani mara moja.

Siku ya 6: Head-Smashed-In, kisha nyumbani

Kilomita 18 kaskazini-magharibi mwa Fort Macleod, kwa barabara namba 785, kuna genge ambalo kwa jicho la haraka ni mwinuko tu. Kituo kimejengwa ndani ya mwinuko wenyewe. Panda lifti hadi juu kabisa, toka nje uone ukingo, halafu shuka ghorofa kwa ghorofa, maana maonyesho yamepangwa kufuata tukio lenyewe.

Kwa karibu miaka 6,000, hadi karne ya 19, watu wa nyanda hizi waliwaangusha baisani, nyati wa Amerika, hapa. Haikuwa fujo. Magharibi mwa genge kuna bonde pana lenye maji na nyasi, ambako makundi yalipenda kulisha. Kutoka hapo hadi ukingoni zilipangwa safu za vichuguu vidogo vya mawe, zikienda kilomita nyingi na kuzidi kukaribiana kama mdomo wa wando. Baisani hunusa vizuri kuliko anavyoona. Vijana waliojifunika ngozi za ndama na za mbwa mwitu waliliongoza kundi polepole, mmoja akilia kama ndama aliyepotea mbele, wengine wakilisukuma kwa nyuma. Upepo wa huku huvuma sana kutoka magharibi, na kambi ilikuwa mashariki chini ya genge, hivyo moshi wake haukufika puani mwa kundi. Mwishoni watu walitokea ghafla na kulishtua. Wa mbele walipoona shimo, wa nyuma walikuwa wanasukuma.

Chini tabaka la mifupa lina kina cha zaidi ya mita 10, na ndiyo sababu genge leo ni fupi kuliko lilivyokuwa. Kazi kubwa ilianza baada ya kuanguka. Nyama ilikatwa vipande vyembamba ikaanikwa, ikatwangwa na kuchanganywa na mafuta na matunda ya porini kuwa pemikani, kitu ambacho mla nyirinyiri wa Kenya atakielewa bila kuelezwa: nyama kavu ikifungwa ndani ya mafuta haiozi. Mafuta yalipatikana kwa kuchemsha mifupa iliyovunjwa ndani ya shimo lililotandikwa ngozi, kwa kutumbukiza mawe ya moto. Jiwe la mchanga la pale humong'onyoka likipata moto, kwa hiyo mawe magumu yalibebwa kutoka mbali. Tembea njia ya chini utafute vipande vyake vilivyopasuka pembe kali. Bado vimetapakaa, na vyote vinabaki hapohapo.

Viongozi wengi ni Wablackfoot wenyewe. "Oki" ndiyo salamu yao, itumie. Julai na Agosti huwa kuna ngoma na dansi siku za Jumatano, hakikisha tu tarehe kabla. Vaa koti la upepo hata kama Fort Macleod kulikuwa shwari.

Kutoka hapo ni kama saa mbili hadi Calgary. Ukihisi usukani unatetemeka ukipita kilomita 80 kwa saa, kabla hujamlaumu mwenye gari chungulia ndani ya rimu: mfinyanzi uliokauka upande mmoja huondoa mizani ya gurudumu. Uache ukauke kabisa, uugonge kwa kijiti utoke vipande, ndipo uoshe. Ukianza na maji utaugeuza uji, na utarudisha gari la kukodi likiwa chafu kuliko lilivyoingia kituo cha kuoshea.